Masisi na Walikale: Kwenye kiwanja kigumu, kiatu chenye meno mengi kinaweza kuumiza goti

Mtu aliyezoea matope ya Masisi na Walikale, akifika sokoni kununua viatu, kwanza anageuza soli. Anatafuta meno: yakiwa marefu, kiatu ni kizuri. Kwa njia ya mlimani wakati wa mvua, hajakosea. Lakini akienda na kiatu hicho kucheza kwenye udongo uliokauka, saruji au lami, anaweza kurudi nyumbani akichechemea.

Sababu ni rahisi. Mchezaji anapokimbia na kugeuka ghafla, mguu unapaswa kuteleza kidogo au kuzunguka pamoja na mwili. Soli ikikamata chini kupita kiasi, mguu unabaki palepale huku mwili ukiendelea kugeuka. Nguvu yote inaingia kwenye kifundo cha mguu na kwenye goti, na mishipa inayoshikilia goti inaweza kukatika hata kama hakuna aliyemgusa mchezaji.

Wacheza tenisi wanalijua jambo hili, kwa sababu mchezo wao unachezwa kwenye viwanja vya aina tofauti. London wanacheza kwenye majani, na viatu vyao vina vinundu vidogo vya mpira. Paris ni udongo mwekundu, na soli ina mistari ya zigizagi. Melbourne na New York ni viwanja vigumu: hapo wanavaa soli nene isiyo na meno, inayoshika kiasi na kumruhusu mchezaji kuteleza kidogo. Novak Djokovic anajulikana kwa kuteleza hata kwenye viwanja hivyo vigumu.

Kwetu pia ardhi si moja. Kati ya Juni na Agosti, mvua inapopungua, udongo uliokuwa tope unakuwa mgumu. Upande wa Sake, wilayani Masisi, kuna mawe ya volkeno. Walikale, inayojulikana kwa misitu, ina kipande cha lami cha Kilambo, ambako ndege ndogo zilikuwa zikitua barabarani kubeba kasiterite ya Bisie. Bote au godasi zenye meno marefu zinafaa kwenye tope, si mahali kama hapo.

Kabla ya kulipa, vaa kiatu, simama kwenye saruji kavu, kandamiza kisigino kidogo, kisha geuza mguu polepole. Mguu ukizunguka bila kukwama, na bila kuteleza ovyo, kiatu hicho kinafaa kwa kiwanja kigumu. Ukihisi goti linavutwa, kirudishe. Kikunje pia: kinapaswa kukunjika kwenye vidole, si katikati. Kwa viatu vya mitumba, angalia kama soli imeliwa upande mmoja, kwa maana kiatu kama hicho kinapindisha mguu.

Kupunguza meno si kuvaa soli iliyoisha kabisa. Saruji ikilowa, soli laini inateleza kama sabuni. Mvua ikinyesha juu ya kiwanja cha saruji, afadhali kusimamisha mchezo.

Goti likipinda na kuvimba, acha kucheza siku hiyohiyo. Pumzisha mguu, weka kitambaa cha maji baridi, uinue. Likishindwa kubeba uzito wa mwili, nenda hospitali badala ya kulivuta au kulikanda kwa nguvu. Masisi kuna hospitali kuu ya rufaa, na Goma hospitali ya Heal Africa inafanya upasuaji wa mifupa. Lakini kutoka kijijini hadi Goma ni safari ya gharama, na mara nyingi si ya usalama.

Katika wilaya hizi mbili, goti ni kwa ajili ya shamba, soko na kupanda mlima. Familia nyingi pia zimelazimika kukimbia vita kwa miguu. Mchezaji aliyepoteza goti hapoteze mechi peke yake. Ndiyo maana dakika moja ya kujaribu soli kwenye saruji inafaa kabla ya kutoa franka.