Simu Janja, Virusi na Ulaghai wa Maneno: Mtumiaji wa Kwale Ahitaji Kinga Gani?

Utangulizi

Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe nchini Kenya mnamo Machi 2007, simu ya mkononi imekuwa pia mkoba. Mhudumu wa hoteli huko Diani humtumia mamake aliyeko Msambweni pesa za matumizi. Mchuuzi wa samaki wa Shimoni hulipwa na mteja wa Ukunda bila ya kushika noti. Kadiri mkoba huo unavyotegemewa, ndivyo hofu ya kuibiwa inavyomwingia mwenyewe, na ndivyo matangazo ya programu za kuua virusi yanavyomwandama kwenye kioo cha simu yake. Je, simu janja inazihitaji programu hizo? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kutazama jinsi simu inavyojikinga na jinsi lugha inavyotumiwa kuwapora watu.

Istilahi na Picha Yake

Neno virusi asili yake ni Kilatini, ambako lilimaanisha sumu, nalo likatufikia kupitia Kiingereza. Kwa kuwa silabi yake ya kwanza inafanana na kiambishi cha wingi cha ngeli ya KI-VI, wazungumzaji wameliundia umoja, yaani kirusi. Istilahi hii ilihama kutoka katika tiba hadi katika kompyuta, ikaja na picha yake: maradhi yanayotoka nje, yanayomvamia mtu bila ya yeye kujua, na ambayo kinga yake hununuliwa.

Hata hivyo, picha hiyo haikuwahi kuisadifu simu barabara. Cabir, iliyogunduliwa mwaka 2004, ilisambaa kwa Bluetooth kati ya simu zilizotumia mfumo wa Symbian. Hata hiyo haikuingia mpaka mwenye simu abonyeze kitufe cha kukubali. Tangu hapo, mara nyingi mlango umekuwa ni idhini ya mtumiaji.

Simu Inavyojikinga

Katika Android na katika iPhone, kila programu hufungiwa chumba chake. Haiwezi kuingia chumba cha jirani wala kusoma majina ya watu waliohifadhiwa kwenye simu mpaka ipewe ruhusa. Programu ya kuua virusi nayo ni mpangaji kama wapangaji wengine. Kwenye iPhone haina uwezo wa kuzikagua programu nyingine. Kwenye Android yaweza kuzikagua zilizowekwa, lakini kazi hiyo tayari hufanywa na Google Play Protect, iliyozinduliwa mwaka 2017.

Zaidi ya hayo, si kila iitwayo kinga hukinga. Taasisi ya AV-Comparatives ya Austria ilipozijaribu programu 250 za aina hiyo za Android mwaka 2019, ni 80 tu zilizotambua zaidi ya asilimia 30 ya programu hasidi zilizotumiwa katika jaribio. Nyingi kati ya zilizobaki zilikuwa jina tupu.

Haimaanishi kwamba programu hizi hazina faida kabisa. Mtu mwenye simu kuukuu ya Android ambayo mtengenezaji ameacha kuitumia masasisho, au anayepokea mafaili ya programu kwa WhatsApp badala ya kuyatoa katika duka rasmi, anaweza kufaidika na programu yenye sifa iliyothibitishwa. Lakini kuiacha tabia hiyo kutamfaa zaidi.

Ulaghai wa Maneno

Wizi ambao Wakenya na Watanzania wengi wanaufahamu hauna kirusi ndani yake. Ni ujumbe mfupi: "Ile pesa tuma kwa hii namba." Mwanaisimu atauona ustadi wake mara moja. Kiashiria "ile" kimetangulia nomino, na katika Kiswahili nafasi hiyo huashiria jambo ambalo wazungumzaji wote wawili wanalijua. Mlaghai hakutaja jina, kiasi wala sababu. Mpokeaji mwenyewe ndiye anayeyajaza mapengo. Mama wa Msambweni aliyeahidi karo humkumbuka mwanawe. Fundi anayedaiwa mbao humkumbuka mdai wake. Ujumbe mmoja huwafaa wote, kwa sababu kila mmoja ana pesa yake aliyoiahidi.

Ujumbe huo humfikia mwenye simu janja na mwenye kabambe vilevile. M-Pesa hutumika katika simu zote mbili, na kabambe haina hata mahali pa kuweka programu ya kuua virusi. Hapo ndipo udhaifu wa picha ya maradhi unapojitokeza: anayenunua dawa hudhani amepona, akapunguza hadhari pale anapoihitaji zaidi.

Hali ni hiyo hiyo kwa programu za mikopo. Katika miezi ya masika, watalii wanapopungua Diani na vibarua wakasimamishwa kazi, mkopo wa haraka huvutia. Baadhi ya programu hizo ziliomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo simuni, kisha jamaa na marafiki wa mkopaji wakapigiwa simu ili aaibike. Hazikuvunja mlango, zilifunguliwa. Yaliyozibana ni sheria na masharti: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, na uamuzi wa Google wa mwaka 2023 wa kuzikataza programu za mikopo kusoma majina hayo.

Hitimisho

Kwa mtumiaji wa kawaida ambaye simu yake bado inapata masasisho na ambaye huchukua programu katika duka rasmi, hakuna haja ya kununua kinga ya ziada. Anachohitaji ni kuisoma ruhusa kabla ya kuitoa, kutomtajia mtu yeyote nambari ya siri, kutazama salio kabla ya kurudisha pesa "zilizokosewa", na kuupeleka ujumbe wa kutilia shaka kwa nambari 333 iwapo ni mteja wa Safaricom. La muhimu zaidi ni kutulia. Ulaghai huishi kwa haraka, na haraka haraka haina baraka. Kumpigia jamaa kwa nambari yake ya siku zote na kumuuliza kwa Kidigo, Chifundi au Kivumba cha nyumbani kuhusu "ile pesa" ni ukaguzi ambao hakuna programu iuzayo.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Masharti ya programu nyingi huandikwa kwa Kiingereza kirefu, ilhali mlaghai huandika Kiswahili kifupi kinachoeleweka na kila mtu. Maadamu onyo halijaandikwa kwa Kiswahili chepesi kama cha mlaghai, yeye ndiye atakayesikilizwa kwanza.