'Koth Biro': Wito wa malishoni uliotia nanga Eastlands

Mkazi wa Ziwani au Kaloleni, Nairobi, akisikia maneno 'Koth Biro' huwaza kandanda. Ndilo jina la mashindano ya mitaani ambayo kwa kawaida huchezwa mwishoni mwa mwaka, majira ya mvua za vuli, katika uwanja wa Umeme, Ziwani.

Hata hivyo, maneno hayo ya Kidholuo, yenye maana ya 'mvua yaja', hayakuzaliwa uwanjani. Kwa mchunga ng'ombe wa kando ya Ziwa Victoria, wingu likitanda ni onyo: mifugo irejeshwe nyumbani upesi. Hicho ndicho kiini cha wimbo Kothbiro, uliompa sifa Ayub Ogada.

Ogada, ambaye awali alijulikana kama Job Seda, hakulelewa malishoni. Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956, na sehemu ya utoto wake aliishi Chicago, Marekani, pamoja na wazazi wake waliokuwa wanamuziki. Wimbo wenyewe ulirekodiwa mwaka wa 1976 na bendi ya Black Savage ya Nairobi, iliyokuwa ya vijana waliopenda muziki wa roki. Ni wimbo wa kijijini uliopikwa mjini.

Baadaye Ogada aliurejesha kwenye nyatiti, na hapo ndipo ulipopata uzito wake. Nyatiti ina nyuzi 8. Tumbo lake huwambwa ngozi ya ng'ombe, na zamani hata nyuzi zilitokana na mishipa ya mnyama huyo. Siku hizi hutumika nyuzi za kuvulia samaki. Mpigaji huketi kwenye kigoda, akigonga ala kwa pete ya chuma iliyovikwa kidole gumba cha mguu. Anayeimba juu ya ng'ombe, basi, humkumbatia ng'ombe.

Mwaka wa 1986 alihamia Uingereza, akapiga ala hiyo katika vituo vya treni za chini ya ardhi, London. Albamu yake, En Mana Kuoyo, ilitolewa mwaka wa 1993, na Kothbiro ikasikika katika filamu ya The Constant Gardener mwaka wa 2005.

Mwaka wa 2018 Kanye West alitumia rekodi ya Black Savage katika Yikes. Miongoni mwa watunzi waliotajwa humo ni Ogada na James Mbarack Achieng, jina ambalo mashabiki wengi hawalitaji kamwe.

Ogada aliaga dunia Februari 2019 huko Nyahera, Kisumu.