Ngiri Isiyoonekana kwa Nje

Je, mtu anaweza kuwa na ngiri bila uvimbe wowote kinenani au kitovuni? Wasomaji wa Kitui na Makueni wameliuliza sana swali hili. Ndiyo, anaweza. Katika ngiri ya ndani, utumbo mwembamba hupenya kwenye tundu au mfuko uliomo humo humo tumboni. Ni nadra: husababisha chini ya asilimia 6 ya visa vya utumbo huo kuziba.

Aina inayojulikana zaidi mtu huzaliwa nayo. Mimba ikiwa na wiki 6 hivi, utumbo wa mtoto hutoka na kuingia kwenye kitovu, hurefuka huko, na kufikia wiki ya 10 huanza kurudi huku ukijizungusha, jumla nyuzi 270. Kisha utando wa utumbo mpana hushikamana na ukuta wa nyuma. Usiposhikamana vizuri hubaki mfuko, mara nyingi upande wa kushoto, na mtu huweza kuishi nao miaka 40 bila habari. Siku utumbo ukinaswa humo, vena hubanwa kwanza kwa kuwa kuta zake ni laini, ilhali ateri bado inasukuma damu. Utumbo huvimba, hujibana zaidi, mwishowe ateri nayo huziba na utumbo huanza kuoza. Hayo huweza kutokea katika muda wa saa chache.

Wakati mwingine utumbo huchomoka wenyewe na maumivu huisha. Aliyekunywa mizizi siku hiyo husifu mizizi, na muuzaji wa sokoni hupata shahidi! Wengine hulaumu muthokoi, au humeza dawa za vidonda vya tumbo miezi nenda miezi rudi. Hakuna mzizi unaochomoa utumbo ulionaswa. Dawa ya kuharisha inaweza kuutoboa utumbo ulioziba, na anayemuuzia mgonjwa anayetapika nyongo anahatarisha uhai wake.

Kipimo cha CT huonyesha mikunjo ya utumbo imesongamana kama iliyotiwa guniani. Maumivu yakishaisha, huenda kisionyeshe kitu. Tiba ni upasuaji: utumbo huchomolewa, sehemu iliyooza hukatwa, tundu hushonwa, kwa uangalifu, maana vena kubwa hupita ukingoni mwa mfuko wa kushoto.

Tumbo likiuma vikali, unatapika, hupati choo wala hewa haitoki, usile wala usinywe. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui mjini au Wote, usiku huo huo, na umweleze daktari kama maumivu hayo yamewahi kuja na kuondoka.