Stand Watie: Mcherokee aliyekuwa jenerali wa mwisho wa Kusini kusalimu amri

JENERALI Robert E. Lee alipoweka silaha chini huko Virginia, Aprili 9, 1865, Wamarekani wengi waliamini kuwa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha. Lakini upande wa magharibi, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma, jenerali mmoja wa Kusini aliendelea kushika silaha kwa miezi miwili na nusu zaidi. Hakuwa kabaila wa Kizungu mwenye mashamba ya pamba. Alikuwa Stand Watie, kiongozi wa Wacherokee, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Marekani, ambao zamani waliitwa Wahindi Wekundu.

Watie alisalimu amri Juni 23, 1865, karibu na mji mdogo wa Doaksville. Alikuwa wa mwisho kufanya hivyo miongoni mwa majenerali wa Kusini waliokuwa na majeshi uwanjani, na ndiye mwenyeji wa asili pekee aliyefikia cheo cha jenerali katika jeshi hilo. Kwa Kicherokee aliitwa Degataga, jina lenye maana ya kusimama imara.

Msomaji ana haki ya kuuliza: iweje mtu ambaye jamii yake ilinyang'anywa ardhi na Wazungu wa Kusini awe tayari kuwafia Wazungu haohao? Jibu lake halianzi mwaka 1861, vita vilipozuka. Linaanzia katika ugomvi wa Wacherokee wenyewe.

Watie alizaliwa Desemba 12, 1806, katika nchi ya Wacherokee iliyo ndani ya mipaka ya Georgia ya leo. Kaka yake, Elias Boudinot, ndiye aliyekuwa mhariri wa kwanza wa Cherokee Phoenix, gazeti lililoanza kuchapishwa mwaka 1828 kwa Kicherokee na Kiingereza. Wakati huo serikali ya Georgia ilikuwa ikiwabana Wacherokee waondoke, hasa baada ya dhahabu kugunduliwa katika ardhi yao.

Boudinot, Watie, ami yao Major Ridge na mwanawe John Ridge waliamini kuwa kubaki ni kuangamia. Desemba 29, 1835, kundi lao lilifikia Mkataba wa New Echota, ulioikabidhi serikali ya Marekani ardhi yote ya Wacherokee mashariki ya Mto Mississippi kwa dola milioni 5. Hawakuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Chifu Mkuu John Ross na sehemu kubwa ya Wacherokee waliupinga mkataba huo, lakini Baraza la Seneti huko Washington liliuidhinisha.

Mwaka 1838 askari walianza kuwaswaga watu kutoka majumbani mwao. Katika safari hiyo ya kuelekea magharibi, ijulikanayo kama Njia ya Machozi, inakadiriwa kuwa Wacherokee 4,000 kati ya takriban 16,000 walipoteza maisha.

Sheria ya Wacherokee ilitamka kuwa anayeuza ardhi ya jamii bila idhini adhabu yake ni kifo, na Major Ridge mwenyewe alikuwa ameiunga mkono. Juni 22, 1839, Boudinot na akina Ridge wote wawili waliuawa siku moja, katika sehemu tatu tofauti. Watie, aliyekuwa naye katika orodha, alinusurika. Tangu siku hiyo John Ross akawa hasimu wake wa maisha.

Kwa hiyo vita vya Kaskazini na Kusini vilipofika kwa Wacherokee, vilikuta moto umekwisha kuwaka. Ross alitaka kwanza kutofungamana na upande wowote, ingawa Oktoba 1861 alitia saini mkataba na Kusini. Watie hakuhitaji kusukumwa. Alikuwa na shamba na watumwa Weusi, kama walivyokuwa Wacherokee wengine wenye mali, na haistahili kulificha hilo nyuma ya kisasi cha ukoo. Utumwa ulikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapigania.

Machi 1862, katika mapigano ya Pea Ridge huko Arkansas, vijana wake walishiriki kuteka mizinga ya Kaskazini. Mwaka huohuo Ross alikamatwa na majeshi ya Kaskazini na kuhamia upande wao, na wafuasi wa Watie wakamtangaza Watie kuwa Chifu Mkuu. Februari 1863 baraza lililomtii Ross lilivunja mkataba na Kusini na kupiga marufuku utumwa. Taifa moja likawa na serikali mbili. Oktoba 1863 Watie aliichoma moto nyumba ya Ross.

Mbinu yake ilikuwa kushambulia ghafla kwa farasi na kutoweka. Juni 1864, mwezi mmoja baada ya kupandishwa cheo kuwa brigedia jenerali, aliteka mashua ya mvuke J.R. Williams katika Mto Arkansas. Septemba 1864, huko Cabin Creek, yeye na Jenerali Richard Gano waliteka msafara wa magari ya nyumbu yapatayo 300, yenye shehena ya takriban dola milioni 1.5. Siku chache kabla, vikosi hivyohivyo vilikuwa vimewavamia askari Weusi wa Kansas waliokuwa wakikata majani ya farasi na kuwaua wengi wao.

Gharama kwa Wacherokee ilikuwa kubwa mno. Makadirio ya wakati wa vita yanaonyesha kuwa theluthi moja ya wanawake walikuwa wajane na robo ya watoto yatima. Watie mwenyewe aliwazika wanawe wote watatu kabla ya kufariki dunia Septemba 9, 1871.

Mkataba wa mwaka 1866 kati ya Wacherokee na Marekani uliwapa watumwa walioachiwa huru haki za raia wa Kicherokee. Haki hizo zilibishaniwa kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2017 mahakama ya shirikisho iliamua kuwa wazao wao ni raia kamili, na Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Wacherokee iliamuru maneno yaliyoweka sharti la damu yaondolewe katika katiba. Kati ya hukumu hizo mbili, Juni 2020, minara iliyowaenzi Watie na askari wa Kusini iling'olewa mjini Tahlequah, makao makuu ya Wacherokee, kwa uamuzi wa Wacherokee wenyewe.