Mjadala wa nyuklia wahitaji maneno ya kupimia faida na hatari

Ukitaja nyuklia barazani, wengi huwaza bomu tu. Si ajabu, kwani habari za Hiroshima na Nagasaki za mwaka 1945 zimelifuata neno hili hadi leo. Mpango wa kujenga kituo cha kawi ya nyuklia Uyombo, Kaunti ya Kilifi, ulipozua maandamano mwaka 2024, wapo waliodai kwamba wakazi hawaelewi. Mimi nauliza: wameelezwa kwa maneno gani?

Tuanze na kinachofanyika kituoni. Kiini cha atomi ya urani kinapopasuliwa, hutoa joto. Joto huchemsha maji, nao mvuke huzungusha mtambo wa umeme. Olkaria pia mvuke ndio uzungushao mitambo, ila joto lake hutoka ardhini. Aina ya urani inayopasuka kwa urahisi huwa takriban asilimia 3 hadi 5 katika fueli ya vituo vingi. Katika bomu hufika asilimia 90 hivi. Kwa hivyo, kituo cha umeme hakiwezi kulipuka kama bomu la atomiki.

Je, basi hakuna hatari? Ipo, tena kubwa. Ila tumezoea kuibebesha neno moja, “mionzi”, ilhali kuna mambo mawili tofauti.

La kwanza ni kupigwa na mionzi. La pili ni kuchafuliwa na chembe zinazotoa mionzi hiyo. Anayeota moto huondoka akaliacha kaa jikoni. Aliyemeza kaa huenda nalo. Mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa mashine ya mionzi iliyo nje ya mwili wake harudi nyumbani na mionzi. Anaweza kumpakata mjukuu wake bila wasiwasi. Kisiwani Unguja, mbung'o waliangamizwa katika miaka ya 1990 kwa kuachilia madume waliohasiwa kwa mionzi. Hawakueneza sumu yoyote.

Chernobyl mwaka 1986 mambo yalikuwa mengine. Kinu kilipasuka, chembe zikapeperushwa na upepo, zikatua mashambani na kuingia katika maziwa yaliyonywewa na watoto. Fukushima mwaka 2011, nyingine ziliingia baharini. Chembe za seziamu, kwa mfano, hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Yaani baada ya miaka 60, robo bado ipo.

Mvuvi akizitenganisha dhana hizi mbili, hatauliza tena kama nyuklia ni nzuri au mbaya. Atauliza: chembe zitazuiwaje zisifike baharini? Taka zitawekwa wapi, na nani atazilinda mjukuu wangu akiwa mzee? Hayo ndiyo maswali ambayo serikali inapaswa kuyajibu, iwe ni Uyombo au kwingineko. Nasi wataalamu wa Kiswahili tuna deni: kumpa mwananchi maneno ya kuyauliza, akikubali ajue anachokubali, na akikataa ajue anachokataa.