Tunapomlipa Mtaalamu wa Kompyuta, Tunanunua Nini?

Malalamiko husikika mara kwa mara katika ofisi zetu, Bara na Visiwani, kwamba wataalamu wa programu za kompyuta ni ghali mno. Huja, yasemwa, na mkoba mmoja, hukaa mezani mwezi mzima wakibofya, kisha hudai mamilioni kwa kitu kisichoshikika wala kupimika kwa mizani. Afisa aliyezoea kulipia saruji na mabati ana haki ya kuuliza amenunua nini. Tatizo ni kwamba wengi huuliza baada ya kutia sahihi mkataba.

Miteremko ya Kilimanjaro ina jawabu la zamani. Wageni wa Kizungu waliopanda mlima huo katika karne ya 19 waliwakuta Wachaga wamekwisha kuchimba mifereji ya maji, wenyewe waiitayo mifongo, wakaistaajabia. Majembe hayakuwa adimu. Aliyekuwa adimu ni mtu aliyejua maji yachukuliwe wapi mtoni, yazungushwe mgongo upi wa mlima, na mteremko uwe kiasi gani ili yasisimame wala yasichimbe udongo. Tena kazi haikwisha siku maji yalipofika migombani: palihitajika zamu za kumwagilia, siku za kusafisha, na mtu wa kuitwa kingo zikibomoka.

Programu ya kompyuta ni mfereji wa namna hiyo. Mtaalamu wa Denmark, Peter Naur, alieleza mwaka 1985 kwamba programu hasa si yale maandishi yaliyomo ndani ya mtambo, bali ni ufahamu uliomo vichwani mwa walioitunga. Wakiondoka hao, maandishi hubaki lakini yeyote atakayeyagusa hupapasa gizani.

Tuchukue chama cha msingi cha ushirika huko Kibosho au Marangu. Kazi yaonekana nyepesi: mkulima analeta kahawa, karani anapima na kuandika kilo, mkulima analipwa. Lakini uanachama huenda ukawa kwa jina la mzee aliyefariki, kihamba kinalimwa na mjane wake, na gunia limeletwa na mjukuu. Malipo nayo, kwa desturi ya ushirika, huja kwa mafungu: la kwanza wakati wa kupokea kahawa, na linalosalia baada ya mnada. Je, fungu la pili liandikwe kwa nani? Mtaalamu asiyeuliza swali hilo atatunga programu nzuri kwa macho, itakayozusha ugomvi wa ukoo mzima. Mteja humlipa kwa swali hilo, na kwa siku alizokaa na karani akimsikiliza, kuliko kwa saa alizokaa akibofya.

Wala programu hiyo haiwezi kuvushwa bahari kama ilivyo, ikafungwa katika kituo cha kununulia karafuu huko Wete. Kule mikarafuu hukodishwa, mchumaji hulipwa kwa pishi, na anayefika mizanini huenda si mwenye shamba wala si mchumaji. Mizani ni ile ile. Mambo yaliyo nyuma yake ni mengine kabisa.

Taifa letu lilijifunza haya kwa gharama. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Hazina mwaka 1965. Mitambo ilinunuliwa, lakini wananchi wenye ujuzi wa kuiendesha walikuwa wachache mno, na kazi ikategemea wageni. Mahesabu yalivurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Televisheni nazo zilitiwa katika amri hiyo, jambo ambalo huenda liliwachekesha wenzetu wa Visiwani, waliokuwa na televisheni ya rangi katika miaka hiyo hiyo ya 1970. Marufuku ililegezwa katika miaka ya 1980. Kwa maoni yetu, lawama ilitupiwa chuma ilhali kilichokosekana ni watu.

Upande wa pili wa mizani uko mfumo wa kielektroniki wa malipo ya Serikali, uliotungwa na wataalamu wa Serikali yenyewe na kuanza kutumika mwaka 2017. Leo mwananchi wa Moshi analipia huduma kwa namba ya kumbukumbu kupitia simu yake. Sheria ya malipo ikibadilika, walioutunga wanaweza kufikiwa.

Hata hivyo zabuni nyingi bado huandikwa kana kwamba tunanunua madawati. Bei ya chini kabisa ndiyo hushinda, siku ya makabidhiano hupigwa picha, na hakuna fungu lililotengwa kwa mwaka wa pili. Mkataba hausemi ni nani mwenye haki ya maandishi ya programu, wala ni vijana gani wa ofisini watakaofundishwa kuifahamu kwa ndani. Maafisa wanaotayarisha bajeti wanaweza kuyaandika hayo kwa kurasa mbili tu, kabla ya kutia sahihi.

Msimu wa kahawa utakapofunguliwa, karani atawasha mtambo mbele ya foleni ya wakulima. Jumla ikikataa kulingana na daftari, inafaa awe tayari na jina la mtu wa kumpigia simu, na mtu huyo awe analipwa ili aipokee.