Dawa Salama ni Haki ya Mgonjwa: Amri ya Tano na ya Saba Katika Duka la Dawa

Anayekwenda sokoni kununua nyanya huzigeuza mkononi, na anayenunua mchele huuchota kiganjani akautazama na kuunusa. Mgonjwa anayenunua dawa hana uwezo huo. Kidonge chenye kiasi kamili cha dawa na kidonge kisicho na dawa yoyote ndani yake vyaweza kuwa na rangi moja, ukubwa mmoja na boksi linalofanana. Mgonjwa hulipa kwa kuamini: anamwamini muuzaji, muuzaji anamwamini aliyemletea mzigo, naye huyo anamwamini mtengenezaji. Akipatikana mwongo au mzembe mmoja katika mnyororo huo, anayeumia ni mgonjwa, na mara nyingi hajui kilichompata.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kutafakari pamoja nanyi juu ya ubora wa dawa. Ni suala la wataalamu, lakini ni suala la dhamiri pia, kwa kuwa linagusa uhai wa mtu na haki ya maskini.

Dawa bandia na dawa duni

Shirika la Afya Duniani hutofautisha makundi mawili. Dawa bandia ni ile iliyoghushiwa kwa makusudi: jina lake, mahali ilikotoka au kilichomo ndani si kile kilichoandikwa juu ya boksi. Dawa duni ni ile iliyotoka katika kiwanda chenye kibali, lakini haikufikia viwango, ama kwa sababu ya utengenezaji hafifu, ama kwa sababu iliharibika ghalani au safarini. Ya kwanza ni kazi ya mhalifu. Ya pili huletwa mara nyingi na uzembe au umaskini wa mfumo. Kwa mama aliyempakata mtoto mwenye homa, matokeo yaweza kuwa yale yale.

Mwaka 2017 Shirika hilo lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa zipatazo 10.5 katika kila 100 ni duni au bandia. Dawa za malaria na antibiotiki, yaani zile zinazotumika zaidi katika familia zetu, ni miongoni mwa zilizoripotiwa mara nyingi.

Hatuzungumzi juu ya mambo ya mbali. Mwaka 2012 hapa Tanzania ziligunduliwa dawa bandia za kupunguza makali ya Virusi vya UKIMWI. Mwaka 2022 nchini Gambia, zaidi ya watoto 60 walipoteza maisha kwa kuharibika figo, na vifo hivyo vikahusishwa na dawa za maji za kikohozi na mafua zilizoagizwa kutoka nje. Ndani yake zilikutwa kemikali za viwandani, daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli, ambazo ni sumu kwa mwanadamu. Kemikali hizi hufanana na viyeyushi halali vinavyotumika kutengeneza dawa za maji, na zina ladha tamu. Wazazi wa watoto wale walifanya kile ambacho mzazi mwema hufanya: waliwapa watoto wao dawa.

Madhara ya dawa yenye nusu ya nguvu

Dawa isiyo na kitu ndani humwacha mgonjwa mikononi mwa ugonjwa wake. Dawa yenye kiambato pungufu ina hatari nyingine. Huua vimelea dhaifu na kuviacha vile vyenye nguvu, navyo huongezeka na kusambaa kwa wengine. Huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Madhara yake hayaishii kwa aliyenunua. Kesho na keshokutwa, dawa nzuri kabisa itashindwa kumponya jirani yake.

Mgonjwa anayeishia njiani katika dozi husaidia kuleta usugu huo huo. Dawa mseto ya malaria, kwa mfano, hutumika kwa siku tatu, mara mbili kwa siku, na kwa mtu mzima kwa kawaida ni vidonge 24. Anayeacha siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka, akaweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mwingine, hajajiponya mwenyewe wala hatamponya huyo mwingine.

Liko pia jeraha ambalo sisi wachungaji hukutana nalo. Mgonjwa ametibiwa na hapati nafuu. Ndugu wanasema, "Huu si ugonjwa wa hospitali." Hapo huanza safari ya kwenda kwa wapiga ramli, na mara nyingine anatajwa mtu: shangazi, jirani, au bibi mzee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kuni. Ni nani awezaye kujua ni ugomvi mangapi wa ukoo ulianzia katika dawa iliyokosa nguvu? Kabla ya kumshuku binadamu mwenzetu, turudi kwanza hospitalini na kuuliza juu ya kipimo, dozi na dawa yenyewe.

Dawa njema yaweza kuharibikia njiani

Dawa nyingi zimeandikwa kwamba zitunzwe mahali pakavu, penye joto lisilozidi nyuzi 30. Tufikirie boksi lililofungwa juu ya basi kutwa nzima, au chumba cha zahanati chenye bati lisilo na dari wakati wa kiangazi. Tufikirie hasa oksitosini, dawa inayochomwa kwa mama aliyejifungua ili kuzuia asitokwe na damu nyingi. Inapaswa kutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Jokofu likikosa umeme siku kadhaa, dawa hiyo hupungua nguvu, wala haibadiliki rangi wala harufu. Mkunga ataichoma kwa imani njema, na damu isikome.

Mfano huu unatufundisha kwamba ubora wa dawa unajengwa na watu wengi wasiojulikana: dereva anayeegesha gari kivulini, mtunza stoo anayeandika joto la jokofu asubuhi na jioni, fundi anayetengeneza umeme wa jua wa kituo. Utunzaji wa stoo ni utumishi kwa uhai.

Mafundisho ya Mama Kanisa

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anafundisha kuwa dawa zimetoka kwa Mungu kwa njia ya ardhi, na kwamba mtu mwenye busara hazidharau. Humo anatajwa pia yule anayezichanganya dawa, na kazi yake inaonekana kuwa sehemu ya kazi ya Mungu ya kuwapa watu afya. Mwamini anayesali na kutumia dawa hapingani na imani yake. Anapokea zawadi mbili kutoka kwa Mungu yule yule.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ikieleza amri ya tano, inatufundisha kuwa ni kosa kumweka mtu katika hatari ya kifo pasipo sababu nzito (namba 2269). Pale pale inawakemea wafanyabiashara ambao kwa tamaa yao husababisha njaa na vifo vya wenzao. Ikieleza amri ya saba, inahesabu udanganyifu katika biashara kuwa ni aina ya wizi (namba 2409). Nabii Amosi alikwisha kuwakaripia waliopunguza vipimo ili wapate faida kwa maskini. Anayeuza dawa kwa kujua kwamba ni bandia, au anayefuta tarehe ya mwisho wa matumizi na kuandika nyingine, anazivunja amri zote mbili kwa tendo moja. Mwenye kutubu dhambi ya namna hii akumbuke kwamba haki inamdai afidie hasara kadiri awezavyo, na zaidi ya yote aiondoe dawa hiyo mikononi mwa watu mara moja.

Wajibu wa kila mmoja

Kwanza, wenye maduka na watoa dawa. Wengi wenu ni waamini wetu, na tunawashukuru. Mwaka 2003, kuanzia mkoani Ruvuma, nchi yetu ilianzisha Maduka ya Dawa Muhimu, yenye watoa dawa waliopewa mafunzo, ili watu wa vijijini wapate huduma bora kuliko ile ya maduka ya dawa baridi ya zamani. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliutambua mfumo wa Tanzania wa udhibiti wa dawa, wa kwanza barani Afrika kufikia ngazi ya tatu ya viwango vyake. Heshima hiyo itabaki katika karatasi kama mwenye duka atanunua mzigo wa bei ya kutupa kutoka kwa mtu asiyetoa risiti. Bei isiyoelezeka ni onyo.

Pili, taasisi zetu za Kanisa. Kwa majirani zetu wa Kenya, Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na Wakristo wenzetu walianzisha mwaka 1986 bohari ya pamoja ya dawa, MEDS, ambayo ina maabara yake ya kupima ubora. Ni mfano wa kuigwa: vituo vidogo vikinunua pamoja, vinapata bei nafuu na dawa iliyopimwa. Tuwe waangalifu pia na misaada. Marafiki wema kutoka ng'ambo hutuletea masanduku ya dawa kwa upendo wa kweli, lakini miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake zinapofika, na ziwe zile zinazohitajika na kutambuliwa nchini. Kukataa kwa adabu dawa isiyofaa si kukosa shukrani. Maskini hastahili kupewa kile ambacho tajiri asingekitumia mwenyewe.

Tatu, sisi sote. Tununue dawa katika duka lenye kibali, wala si kwa mchuuzi wa mnadani au ndani ya basi. Tudai risiti. Tuangalie jina la dawa, mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tukiona boksi limefunguliwa, vidonge vinamomonyoka au maandishi yana makosa, tumuulize mfamasia. Mgonjwa asipopata nafuu au akipata madhara, tuitunze dawa iliyobaki pamoja na boksi lake, tuirudishe kituoni na kuomba taarifa ifikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Taarifa moja yaweza kuokoa kijiji kizima.

Tunajua kwamba wengine hununua vidonge viwili vitatu kwa sababu ndiyo fedha waliyo nayo. Mtu huyo asihukumiwe. Tunapokwenda kuwapaka wagonjwa Mafuta Matakatifu tunaona kando ya kitanda vidonge vichache katika kipande cha gazeti, bila jina wala maelekezo, na tunatambua kwamba mbele yetu pana umaskini kabla ya kuwa na uzembe. Hapa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zina nafasi yao: kumsindikiza mgonjwa kituoni, kumchangia akamilishe dozi, kumsaidia kujiunga na bima ya afya, na kumsomea maelekezo asiyejua kusoma. Msamaria Mwema alitia mafuta na divai katika majeraha, kisha akalipa gharama zilizobaki. Huruma yake ilifika mpaka kwenye malipo.

Watakatifu Kosma na Damiani, waganga waliowatibu watu pasipo kudai malipo, na ambao Kanisa linawakumbuka kila tarehe 26 Septemba kama wasimamizi wa wafamasia, watuombee. Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, awasindikize wote wanaotengeneza, wanaosafirisha, wanaouza na wanaotumia dawa, ili mgonjwa anaponyosha mkono kupokea kidonge, awe amepokea kile kilichoahidiwa.